Haichagui, Namba 1148

Jumatatu, 4 Machi. Mvua: hakuna.

Orodha imekamilika. Sampuli 118 za kunde zitaondoka kwenye chumba cha baridi cha kituo chetu cha mbegu kwa sababu zimejirudia. Mashine ya baridi ni moja na imechoka, na Mkuu wa idara hataki iendelee kubebeshwa mbegu zilezile mara mbili. Kanuni aliyotupa ni nyepesi: ukikuta kwenye kanzidata ya mtandaoni sampuli mbili zenye jina moja na asili moja, moja ibaki, nyingine ichomwe. Kazi ya kuzitafuta ilikuwa yangu. Nimepitia kurasa zote 141, kila ukurasa sampuli ishirini, na nimesaini kila karatasi chini kushoto. Mtunza ghala amepokea orodha. Tunamwita Mzee Baridi kwa kuwa havui koti la sufu hata jua likiwa la utosi.

Daktari wa vinasaba alipita ofisini kwangu, ofisi ya takwimu, kuulizia jambo lake, tena bila fomu. Nikamwambia kama nilivyomwambia mwaka jana: ombi lolote kuhusu kumbukumbu za mbegu linajazwa kwenye fomu namba nne. Akaniangalia kama mtu anayesoma bango la barabarani, akaondoka. Huyu ndiye aliyenipa jina la Bi Fomu, na sasa hata mlinzi wa getini ananiita hivyo. Ana shahada tatu na hana adabu hata moja.

Jumanne, 5 Machi. Mvua: hakuna.

Nimepanga mafaili. Hakuna jipya.

Jumamosi, 9 Machi. Mvua: mawingu tu.

Mama amepiga simu asubuhi nikiwa nafua. Kunde zake zimekwisha. Si za kula, za mbegu. Wifi yangu, mke wa kaka, alizimimina kwenye pipa la plastiki kabla hazijakauka, akafunga mfuniko, akaondoka zake. Jana wamefungua ili wapande, wakakuta ukungu mweupe na harufu. Hakuna hata moja iliyopona.

Mbegu ile Mama aliipata kwa mama yake, naye kwa shangazi yake. Wanaiita Haichagui, kwa sababu haichagui ardhi wala mwaka. Majirani walikuwa nayo zamani, wakaiacha zilipokuja mbegu za dukani. Mama peke yake ndiye aliyebaki nayo.

Nilizungumza na wifi dakika nne na sikumwita wifi hata mara moja. Nilimuuliza inakuwaje mtu mzima asijue kwamba mbegu mbichi haifungiwi. Akasema alidhani zimekauka. Nikamwambia mbegu haidhaniwi, inaumwa kwa jino, ikikatika ni kavu, ikibonyea ni mbichi, hata mtoto anajua. Nilitaka ajibu ili niendelee.

Halafu Mama akachukua simu na kunikumbusha jambo nililolisahau. Miaka kumi na moja iliyopita, kabla sijaajiriwa, watu wa kituo chetu walipita kijijini wakikusanya mbegu za asili, na yeye aliwapa viganja viwili. Walimwambia zitatunzwa.

"Basi wamezitunza vya kutosha," akasema. "Wewe si ndiye unayekaa nazo? Niletee zangu."

Nikamwambia aondoe wasiwasi. Kama kuna mtu anayejua kutafuta kitu katika kanzidata ile, ni mimi.

Jumatatu, 11 Machi. Mvua: milimita 14. Imeanza.

Nimetafuta: Haichagui. Matokeo: 1.

Sampuli namba 1147. Jina: Haichagui. Asili: kijiji chetu. Aliyeitoa: mkulima, mwanamke. Nilisoma mara mbili. Sikutegemea kuona haya kidogo, lakini niliona, kama mtu aliyekutana na mama yake kazini.

Nikaenda chumba cha baridi. Pakiti zetu hazina jina, zina namba tu, na Mzee Baridi alinitolea 1147. Akaichungulia kwenye mwanga, akanimwagia punje tano kiganjani.

Nyeupe, zenye jicho jeusi.

Za Mama ni nyekundu. Nimezichambua utotoni mwangu wote, ningezijua nikiwa nimefumba macho. Hizi ni kunde za sokoni ambazo mtu yeyote anazo. Mtu amebadilisha.

Alhamisi, 14 Machi. Mvua: milimita 31. Mtandao hakuna siku nzima.

Kila mvua ikinyesha mtandao unakatika, kana kwamba nyaya zimetengenezwa kwa chumvi. Nimempigia Mama anieleze kunde zake tena, kwa mpangilio. Anasema nyekundu ya kukolea, jicho jeupe, na kulizunguka jicho kuna mstari mwembamba mweusi, kama mtu aliyepaka wanja. Nimeandika yote. Akauliza kama nimeziona. Nikasema kuna utaratibu.

Ijumaa, 15 Machi. Mvua: milimita 8.

Nimetafuta kwa vichujio badala ya jina. Rangi ya punje: nyekundu. Rangi ya jicho: nyeupe. Mzingo wa jicho: mweusi. Matokeo: 1.

Namba 1148.

Imekaa jirani kabisa na ile ya uongo. Nanakili kama ilivyoandikwa. Jina: Aina ya Kituo ya Sita. Asili: shamba la kituo. Aliyeitoa: idara. Mtafiti anayeitumia kwa sasa: Daktari.

Kwa hiyo kunde za mama yangu, zilizopita kwenye mikono ya wanawake watatu, zimeandikwa kuwa zimezaliwa hapa, kwenye vitalu vyetu, hazina mama. Na anayezifanyia utafiti ni yeye. Pakiti yenyewe sijaiomba; mbegu yenye mgogoro haitolewi kabla ya uamuzi, ndivyo mwongozo usemavyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 18 Machi. Mvua: milimita 22.

Nilimfuata kwenye kitalunyumba chake. Ana vyungu kumi na viwili kwenye benchi la saruji, kila kimoja kina kibao: 1148, imepandwa 20 Februari. Mimea inafika gotini. Ameimwagia vidukari makusudi, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani. Kwenye benchi la pili, kunde nyingine zote zimejikunja na kuwa nyeusi. Zile kumi na mbili zimesimama kijani kibichi, kama hazikuambiwa kuna ugonjwa.

Nikamuuliza amezitoa wapi.

"Chumba cha baridi, mwezi wa pili," akasema. "Punje ishirini na nne. Mzee Baridi aliniandikia."

"Na kabla ya hapo zilitoka wapi?"

"Hilo ndilo swali ninalokuuliza wewe mwaka wa pili huu, Bi Fomu."

Nikamwambia asinigeuzie kibao. Nikamwambia kunde hizi zina mwenyewe, mwenyewe ni mama yangu mzazi, na mtu akichukua kitu cha mtu na kukibadilisha jina ana jina lake pia. Hakupandisha sauti. Alifuta mikono kwenye suruali na kusema kwamba nikipata nafasi nisome barua zake. Barua! Mtu anakamatwa na kuku mkononi anakwambia soma barua.

Jumanne, 19 Machi. Mvua: milimita 5.

Sikulala vizuri. Nimefanya kazi.

Jumanne, 26 Machi. Mvua: milimita 40. Paa la stoo linavuja.

Nimeandika malalamiko rasmi kwa Mkuu, kurasa mbili, kwa nakala tatu. Nimeomba mambo mawili: kwanza, Daktari aulizwe jinsi sampuli 1148 ilivyopoteza asili yake; pili, jaribio lake lisimamishwe na mimea yake iondolewe, kwa kuwa imepandwa kutoka kwenye sampuli yenye mgogoro. Kifungu cha kumi na tisa cha mwongozo kinaruhusu. Sijawahi kuandika barua iliyonyooka kiasi kile.

Jumanne, 2 Aprili. Mvua: milimita 12.

Kikao. Tulikuwa wanne. Mkuu alisoma barua yangu kwa sauti, akasita penye neno "wizi", akaendelea. Daktari alijitetea kwa sentensi tatu tu. Alisema vinasaba vya 1148 havifanani na vya aina yoyote ya kituo, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona hilo, na kwamba ukurasa wa vinasaba uko wazi kwenye kanzidata kwa yeyote anayeweza kubofya. Kisha akanitazama. Ukurasa ule ninaujua. Umejaa herufi nne zinazojirudia kama mtu aliyelalia kibodi. Siku zote nimeuona kuwa pambo lake.

Mkuu anapenda amani kuliko ukweli. Alisema atatoa uamuzi mwezi ujao. Mwezi ujao! Mvua itakuwa inaisha. Nimempigia Mama, nikamwambia nimemjua aliyechukua. Aliniuliza kama amezila. Nikasema hapana, amezipanda. Akasema basi huyo si mbaya sana. Mama haelewi.

Ijumaa, 5 Aprili. Mvua: milimita 19.

Nimeamua kupata ushahidi usio na shaka. Kama amebadilisha moja, amebadilisha nyingi. Kila siku baada ya saa tisa nitafungua kanzidata, nisome ukurasa mmoja mmoja kuanzia 1100, nilinganishe na daftari la kijani. Daftari hilo ndilo waliloandikia wakusanyaji kwa mkono shambani, na limelala stoo tangu tulipohamia mtandaoni. Lina harufu ya panya. Nimelikausha dirishani.

Jumatatu, 8 Aprili. Mvua: milimita 27. Mtandao saa moja tu.

Nimekagua 20. Zisizolingana: 20.

Jumanne, 9 Aprili. Mvua: milimita 3.

Nimekagua 40. Zisizolingana: 40. Huyu mtu hana haya hata kidogo.

Alhamisi, 11 Aprili. Mvua: milimita 16.

Mlinzi wa getini ananiuliza kila jioni ninachotafuta hadi saa hizi. Nikamwambia natafuta mwizi. Akacheka, akasema kama yupo ofisini mwangu basi atakuwa mwembamba, maana yeye haoni mtu mwingine akitoka zaidi yangu.

Jumatano, 17 Aprili. Mvua: milimita 33.

Zisizolingana: 160. Nimeanza kushangaa amepata wapi muda.

Jumamosi, 20 Aprili. Mvua: milimita 9.

Nilikwenda kazini ingawa si siku yangu. Niliweka rula chini ya mstari wa daftari na kidole kwenye skrini, na ndipo nikaiona. Daftari linasema Haichagui ni 1148. Kanzidata inasema ni 1147. Daftari linasema Aina ya Kituo ya Sita ni 1149. Kanzidata inasema ni 1148. Nikashusha rula. Ndivyo ilivyo kwa inayofuata, na inayofuata. Jina, asili na aliyeitoa, vyote vitatu, vimepanda mstari mmoja juu. Rangi na vipimo havikusogea. Kila mbegu imevaa jina la jirani yake wa chini.

Si moja aliyoibadilisha, ni zote. Amevuruga zote ili moja isionekane! Ni akili ya hali ya juu, na ndiyo maana nimezidi kumchukia. Jumanne nitatafuta ilipoanzia.

Jumanne, 23 Aprili. Mvua: milimita 51. Kubwa kuliko zote.

Nataka niandike haya kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi nilipata mahali pa mwanzo. Mpaka namba 1092 kila kitu ni sawa na daftari. Kuanzia 1093 hadi 1404 kila kitu kimepanda. Mistari 312. Namba 1404, ya mwisho, ina "haijulikani" mahali pa jina, asili na aliyeitoa.

Kwenye daftari la kijani, 1092 na 1093 zina jina moja. Wanawake wawili wa kijiji kimoja, siku moja, walitoa kunde wanazoziita kwa jina lilelile. Mkusanyaji aliandika pembeni kwa penseli: si zile zile, punje tofauti.

Saa tano nilifungua ukurasa wa historia ya mabadiliko. Nilitegemea jina la Daktari. Mistari yote 312 ina badiliko moja tu, la siku moja, miaka sita iliyopita, 17 Julai, saa saba na dakika arobaini mchana. Limefanywa na: ofisi ya takwimu.

Ofisi ya takwimu ni chumba kimoja, meza moja, kiti kimoja.

Niliomba ruhusa nikaja nyumbani kwenye mvua. Shajara zangu ziko kwenye katoni chini ya kitanda, moja kwa kila mwaka. Njiani nilikuwa naomba iwe nilikuwa likizo tarehe ile. Nilikuwa na uhakika nilichukua likizo mwezi wa saba mwaka ule. Hata nilikumbuka mizigo.

Likizo ilianza tarehe 18. Nanakili neno kwa neno:

"17 Julai. Nimemaliza kuandaa jedwali la kunde kwa ajili ya mtandaoni kabla ya likizo. Nilikuta jina limejirudia mistari miwili inayofuatana, 1092 na 1093, uzembe wa wakusanyaji. Nimefuta la pili pamoja na asili yake, vya chini vikapanda. Mwisho umebaki mtupu, nimeujaza 'haijulikani'. Jedwali sasa ni safi. Nimeondoka saa nane."

Hayo tu. Siku ile nilikuwa na furaha, mwandiko unaonyesha.

Sikufungua daftari la kijani. Lilikuwa mkono mmoja kutoka nilipokaa. Nilidhani.

Jumatano, 24 Aprili. Mvua: milimita 20.

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa, na si uongo.

Alhamisi, 25 Aprili. Mvua: milimita 6.

Nilipoamka niliwaza jambo ambalo nilipaswa kuliwaza Jumanne. Kwenye kanzidata 1148 ina jina la Aina ya Kituo ya Sita. Aina hiyohiyo ya kituo ipo pia kwenye namba 2210. Jina moja, asili moja. Nikatoa nakala ya orodha ya 118 kwenye faili. Ukurasa wa tatu, mstari wa tisa: 1148. Chini kushoto, saini yangu.

Nilikimbia hadi chumba cha baridi. Mzee Baridi akanionyesha rafu tupu. Alizitoa zote 118 wiki ya pili ya Machi, kama nilivyoagiza. Nikamuuliza alizichomea wapi. Akavuta kola ya koti lake, akaangalia mlango.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa mwaka wa njaa. Sichomi chakula."

Alimpa mlinzi.

Mlinzi hakukataa. Alisema ni kweli, aligawana na wenzake wa zamu, walipika wiki nzima. Alisema nyingine zilikuwa ngumu kama changarawe, ila zile nyekundu, zenye macho ya wanja, hizo ziliiva upesi na zilikuwa na utamu wa peke yake. Akauliza kama zipo nyingine.

Nikageuka, nikarudi ofisini. Kosa lake liko wapi? Yeye angalau alizila akijua ni kunde.

Ijumaa, 26 Aprili. Mvua: milimita 11.

Nimetafuta barua za Daktari. Hazikuwa mbali. Ziko kwenye faili lenye maandishi yangu mwenyewe: "Maombi yasiyo na fomu". Ziko tatu. Ya kwanza ni ya mwaka juzi. Ninanakili hiyo, ndiyo fupi:

"Kwa karani wa takwimu. Vinasaba vya 1148 haviendani na jina lake. Vinaendana na kunde za asili za wakulima. Nimelinganisha na za jirani zake, nazo zina tatizo hilo. Naomba tukae na daftari la wakusanyaji tuangalie kama mistari imesogea. Saa moja inatosha."

Mistari imesogea. Aliliandika hilo miezi kumi na saba iliyopita. Nami nimeigonga muhuri barua hiyo, nimeitoboa matundu mawili yaliyo sawasawa, nikaifunga.

Kwa hiyo kunde za Mama zilizobaki duniani ni zile zilizo kwenye vyungu kumi na viwili. Na mimi ndiye niliyeomba zing'olewe. Jumatatu asubuhi nitakwenda kwa Mkuu nifute malalamiko.

Jumatatu, 29 Aprili. Mvua: milimita 2.

Nilifika hadi mlangoni kwa Mkuu. Kulikuwa na wageni wawili. Nikaona nisubiri watoke. Walipotoka nikaona nisubiri kesho. Ningesema nini? Kwamba nimemwita mtu mwizi kikaoni kwa kosa nililolifanya mwenyewe na kulihifadhi katonini? Nimetunga barua ya kufuta malalamiko. Nimeichapa mara tano. Kila mara ninatafuta namna ya kuandika "ilitokea" badala ya "nilifanya".

Jumanne, 30 Aprili. Mvua: hakuna.

Mkuu yuko safarini hadi Alhamisi. Nilipata nafuu niliposikia. Naiandika nafuu hiyo ili nisije nikaisahau.

Alhamisi, 2 Mei. Mvua: milimita 4.

Amerudi. Alikuwa na kikao mchana kutwa. Kesho asubuhi kabla ya chai.

Ijumaa, 3 Mei. Mvua: milimita 18.

Nilikuwa na barua mkononi. Ilikuwa na neno "nilifanya". Nilikutana na Mkuu kwenye ngazi, akaniwahi kwa tabasamu. Akasema nitafurahi, ameamua kwa upande wangu, kifungu cha kumi na tisa kinasema wazi. Amempa Mzee Baridi kazi hiyo tangu saa moja.

Sikumbuki kama nilimpa barua au niliiangusha. Niliteremka ngazi, nikapita nyuma ya maabara, nikaingia kitalunyumba. Benchi lilikuwa limefagiliwa. Vyungu kumi na viwili vilikuwa vimepangwa mdomo chini.

Mimea ilikuwa nyuma, kwenye lundo la majani, juu yake kumemwagwa udongo wa vyungu vyenyewe, na mvua inanyesha. Daktari alikuwa amepiga magoti kwenye tope na shati lake jeupe. Alikuwa anavuta shina moja moja, analipapasa kama mtu anayetafuta pete. Hakunitazama. Nilipiga magoti upande wa pili.

Maganda mengi yalikuwa mabichi, punje ndani zimekuwa maji. Siku sabini na tatu tu tangu zipandwe. Wiki mbili zaidi, zingekauka zote. Yale ya chini kabisa ya shina, yaliyotangulia kukomaa, ndiyo yaliyokuwa na rangi ya majani makavu. Hayo nilikuwa nayaweka kwenye sketi yangu.

Nilimwambia hapohapo, bila kuinua kichwa. Tarehe, saa, namba ya mstari. Nilimwambia na faili la barua zake nilivyoliita.

Akavuta shina jingine, akalipapasa mpaka nchani.

"Ungeniambia Jumatatu," akasema.

"Niliona haya."

"Mimi ningekucheka siku mbili, halafu basi. Sasa angalia."

Hakuniita Bi Fomu. Ningependa angeniita.

Tulipata maganda makavu tisa. Mezani kwake tuliyapasua moja moja juu ya karatasi. Punje 61. Kumi na nne alizitoa kwa kuwa hazikukomaa. Zilizobaki 47, nyekundu, kila moja na wanja wake. Nilichukua moja nikataka kuiuma, nione kama imekauka. Akanishika mkono. Alisema safari hii tupime kwa mashine.

Jumatatu, 6 Mei. Mvua: milimita 1.

Nimesimama mbele ya Mkuu na daftari la kijani, shajara ya mwaka ule na orodha ya 118. Alisoma yote. Akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Aliona tunaweza kurekebisha kimyakimya, idara isiaibike. Nikamwambia sampuli nyingine za orodha ile pia zilipikwa kwa majina yasiyo yao, na zenyewe hazina mtu wa kuzitafuta. Kati ya 118, thelathini na sita ziko ndani ya ile mistari 312. Akasema, "Yaliyopita si ndwele." Kwa mara ya kwanza nilimjibu mkubwa wangu kwa hasira: hayajapita, tumeyala.

Ijumaa, 10 Mei. Mvua: hakuna. Nadhani msimu umekwisha.

Daktari ameniletea fomu namba nne. Ameijaza yote, kwa herufi kubwa, hata pale panapoandikwa "kwa matumizi ya ofisi". Kinachoombwa: punje 20 za sampuli 1148. Mwombaji: mkulima aliyeitoa. Sababu ya ombi: ni zake. Nimegonga muhuri. Hatukucheka, lakini alikaa kidogo kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Punje 27 zimebaki kituoni, zitapandwa zizae.

Nikampigia Mama. Nilimweleza yote tangu tarehe 17 Julai, bila kuruka. Nilimweleza viganja viwili vyake vilivyoishia. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalia au atanilaani, ningeshukuru kwa lolote. Aliuliza jambo moja tu: waliozila, walishiba? Nikasema ndiyo. Akasema atazipanda karibu na bomba la maji, hatasubiri mvua, na kwamba kuna mtu anataka kuongea nami.

Alikuwa wifi. Nilikuwa sijaongea naye tangu Machi.

"Wifi," akasema, kwa upole ambao sikustahili, "mimi angalau pipa lilikuwa moja."

Nilisubiri hasira ije. Ilikuja, lakini safari hii haikuwa na pa kwenda zaidi ya hapa nilipokaa.

Jioni nimeanza kusahihisha, mstari kwa mstari, daftari la kijani likiwa wazi na rula juu yake. Nimeanza na miwili: 1147, niliyoivua jina lisilo lake, na ule wa Mama. Nimetafuta: Haichagui. Matokeo: 1. Namba: 1148. Asili: kijiji chetu. Aliyeitoa: nimefuta "mkulima, mwanamke", nimeandika jina lake kamili, ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kanzidata haina safu ya aliyepoteza. Ina kisanduku cha maoni, herufi mia mbili tu. Nimeandika: "Sampuli hii iliandikwa kimakosa miaka sita, ikaondolewa kwa makosa, ikaliwa. Imerudishwa kwa punje 47. Kosa ni la karani wa takwimu." Nikaweka jina langu, nikabofya Hifadhi.

Imebaki mistari 310.